Ndugu Watano Walioacha Lango

Katika mtaa ule wa Nateete hapakuwa na mtu, awe na gari au asiwe nalo, ambaye Tajudin hakuwa amemfundisha nini cha kufanya baada ya ajali. Alimfundisha muuza mkaa, ambaye chombo chake kilikuwa baiskeli isiyo na breki wala kengele. Alimfundisha imamu akitia udhu. Alimfundisha bibi mmoja kipofu wa nyumba ya tatu, naye bibi akamshukuru sana, akamwuliza kama somo hilo linamfaa pia mtu aliyepigwa kikumbo na mbuzi.

Elimu hiyo Tajudin aliipata katika ofisi moja ya bima mjini, alikofanya kazi miezi minane. Mwenyewe husema alikuwa upande wa madai. Shangazi yake Ruqayya, aliyemlea tangu ana miaka sita baada ya mama yake kufariki, alijua kwamba kazi yenyewe ilikuwa kubandika stika kwenye vioo vya magari ya watu na kuwachemshia wakubwa chai saa nne. Lakini mtu mzima havuliwi nguo sokoni. Ruqayya alinyamaza, miaka ikaenda, na Tajudin akanunua Toyota Corona nyeupe, gari lililozeeka kwao Japani kisha likaja Kampala kuzeeka mara ya pili.

Masomo yake yalikuwa manne. Usishuke garini, kwa sababu barabarani hakuna hakimu, kuna mawe. Usimpe mtu pole, kwa sababu pole ni nusu ya kukiri. Kimbilia kituo cha polisi, kwa sababu katika mji huu anayefika kwanza ndiye mlalamikaji, na anayefika wa pili ndiye mshtakiwa hata kama amebebwa kwa machela. Na la mwisho, uwe na shahidi wako mwenyewe, usingoje wa Mungu.

"Na aliyeumia?" Ruqayya aliwahi kumwuliza siku moja, akichambua mchele.

Tajudin alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya upepo. "Huyo ana watu wake, Shangazi."

Ruqayya alimlea kijana huyo kwa uji, kwa juzuu na kwa vitendawili. Uji aliumaliza, juzuu aliihitimu kwa kusukumwa, lakini vitendawili vilimshinda. Hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka ya kusema alijua kabla hajajua. Na sheria ya mchezo ilikuwa ile ile waliyoikuta kwa wazee wao: asiyejua jibu hutoa mji, na akishautoa mji hana ulimi tena, mpaka mwenye kitendawili aende mji huo, atembee, ale, arudi na jibu. Kabla hajatimiza miaka kumi Tajudin alikuwa ameshamgawia shangazi yake Jinja, Masaka, Tororo, Arua na Mombasa mara mbili. Ruqayya alikuwa mwanamke wa chumba kimoja cha uani, tena katika nyumba ya mpwa wake, lakini kwa miji alikuwa sultani.

Basi Jumapili moja, mwaka wa kumi na mbili tangu bunduki ziliponyamaza mjini, walikwenda Kansanga kwenye hitima ya mkwe wao. Ruqayya alikuwa katika wapishi. Kinamama wa mtaa walikuwa na vyombo vyao vya pamoja, masufuria makubwa na miiko, vikiwekwa kwa Bi Hindu, na kila mwiko ulichomwa nukta tatu kwa msumari wa moto usije ukapotelea kwa watu. Bi Hindu alikuwa na utaratibu wake. Mwiko ukitoka na mwanamke fulani hurudi na mwanamke huyo huyo, naye hukaa mkekani akaeleza mbele ya wenziwe ulikwenda wapi na ulikoroga nini. Ndivyo walivyojuana habari za harusi na misiba yote ya Kampala bila redio.

Walipomaliza, Ruqayya alifungiwa sufuria la pilau ya nyumbani, likafunikwa kwa sinia. Akapanda kiti cha nyuma, sufuria akalibana katikati ya magoti, na mwiko mkubwa, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akaulaza pembeni. Viatu alivivua kwa sababu miguu ilimvimba kwa kusimama. Kiti cha mbele hakukaa. Kiti cha mbele kilikuwa na abiria wake, koti la Tajudin.

Tajudin alikuwa amekula sahani mbili na kuinuka kwa kusukumwa. Hata hivyo hawajapita maduka ya Kansanga akaanza kunusa kama paka wa buchani.

"Shangazi, hebu nionjeshe nyama moja."

Ruqayya alimwambia atazame mbele, pilau haina miguu. Tajudin akacheka, akamwambia mtu aliyekuwa upande wa madai hafundishwi kuendesha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye gia. Wa kulia ndio ulioshika usukani. Sasa, kula kwa kushoto ni aibu, Tajudin alilijua hilo tangu chuoni, na alikuwa mtu wa adabu mno linapokuja suala la kula. Kwa hiyo hakuutoa ule wa kushoto uliokuwa karibu. Aliuachia usukani, akajipinda, akauleta nyuma mkono wa kulia, akafunua sinia, akaanza kupapasa ndani ya sufuria akitafuta kipande chenye mfupa. Adabu ya chakula aliikumbuka, usukani ukabaki yatima.

Corona ikajichagulia njia. Ilikwenda kushoto, taratibu, kama ng'ombe aliyeona majani.

Pale kando, karibu kabisa na mtaro, alikuwa akipita mwanamume mmoja akisukuma baiskeli iliyopakiwa vitenge. Jina lake Josias, Mkongo wa Bukavu, aliyekuja na vita vya kwao. Alikuwa upande wake, na angesogea zaidi angekuwa ndani ya mtaro. Gari lilimkuta hapo. Baiskeli ilianguka huku na mwenyewe kule, na majora ya vitenge yakajifungua yakibingirika, kimoja cha kasuku wa kijani kikajitandika barabarani mpaka kizingitini mwa baa, kama zulia la kumpokea waziri.

Tajudin alirudisha mkono kwenye usukani, nyama akaitia mdomoni, akatekeleza somo la kwanza. Akapandisha vioo. Akabonyeza vitufe vya milango, kimoja kimoja. Akakaa wima akitazama mbele, shavu moja limevimba kwa mnofu wa marehemu.

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Ruqayya alimwambia fungua. Tajudin, akitafuna, akasema hapana, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ruqayya hakubishana naye. Alikivuta kitufe cha mlango wake kwa kucha, akashuka miguu mitupu, buibui limejaa punje za wali, na somo la pili likavunjika hapo hapo, maana neno la kwanza lililomtoka lilikuwa pole. Alilisema mara nne kabla hajafika.

Josias hakulia. Alikuwa akiutazama mguu wake kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa mguu wa mwingine.

"Mama," alisema, "mguu yangu inaangalia nyuma."

Ruqayya alirudi garini mara moja tu, kuchukua mwiko. Aliufuta wali kwa upindo wa leso, akaulaza kando ya mguu ule kuanzia gotini kwenda chini, akaichana leso vipande vitatu, akafunga juu, katikati na chini, kama alivyomwona mama yake zamani akimfunga mbuzi aliyevunjika mguu. Mwanamke wa baa akaleta maji. Wanaume wawili wakavunja matawi ya ua, wakayalaza kwenye lami pale pale palipotokea ajali, kama ifanywavyo, ili magari mengine yajue. Pikapu ya matoke ikasimamishwa, mikungu ikasogezwa, Josias akalazwa katikati yake.

Ruqayya alipogeuka kutafuta viatu vyake, gari halikuwepo. Tajudin alikuwa ameingia somo la tatu. Alikuwa ameondoka na sufuria, na viatu, na koti lake likiwa limekaa mbele kwa raha zake. Walioachwa ni aliyemlea na aliyegongwa.

Basi Ruqayya akapanda juu ya matoke. Alikaa na Josias hospitalini mpaka mkewe, Esperance, alipofika akihema, mtoto mgongoni. Mama huyo alitazama mguu, akatazama nukta tatu kwenye mpini wa mwiko, akatazama miguu mitupu ya Ruqayya, halafu akavua kandambili zake akampa. Ruqayya alikataa mara tatu, ya nne akavaa.

Jioni ile Tajudin alimpokea nyumbani kwa uso wa bwana harusi. Alikuwa amefika kituoni kabla ya mtu yeyote. Alikuwa ameandikisha kwamba mwendesha baiskeli aliibuka ghafla katikati ya barabara, kwamba yeye alikwepa kadiri alivyoweza, na kwamba hakukaa pale kwa kuhofia usalama wa mwanamke mzee aliyekuwa naye. Na shahidi wake, alisema akisugua viganja, ni huyo huyo mwanamke mzee, mwenye dini, asiyejulikana kwa uongo hata mmoja.

"Kesho asubuhi tunakwenda wote. Utasema nilivyosema mimi, basi. Hata usiongeze."

Ruqayya alimwuliza yule mtu itakuwaje. Tajudin akaeleza bila taabu. Lawama ikimwangukia, atashtakiwa akitoka hospitali. Baiskeli na vitenge vimeshapelekwa kituoni, navyo vitakaa huko. Alisema hayo kama anayesoma bei za nyanya. Lakini Ruqayya alikuwa ameshaambiwa mengine na Esperance: baiskeli ile na vitenge vile ndivyo vilivyokuwa vinalisha watoto wanne, na mkimbizi mwenye kesi karatasi yake hutazamwa mara mbili.

"Mimi ni damu yako, Shangazi," Tajudin alisema, akishika mlango wa chumba cha uani. Kisha akautikisa kidogo, kama anayepima bawaba. "Na chumba hiki ni changu. Yule ni mtu wa kupita."

Hakuwa ameondoka vizuri Bi Hindu akabisha hodi. Alikuja kufuata mwiko.

"Uko mguuni mwa mtu," Ruqayya alimwambia.

Bi Hindu hakuuliza mengi. Alisema mguu nao ni mahali, na mwiko ukirudi utaelezwa kama miiko mingine. Akaongeza, akivaa viatu mlangoni, kwamba katika miaka yote aliyovitunza vyombo vile hajaona mwiko mmoja wenye hadithi mbili.

Asubuhi Tajudin alivaa suti. Aliegesha Corona mbele ya kituo, mahali ambapo kila mtu angeiona, akaingia akitangulia hatua tatu mbele ya shahidi wake. Nyuma ya meza alikuwepo Afande Okeny wa usalama barabarani, mtu mrefu wa kaskazini, mwenye Kiswahili cha kambini na subira ya mvuvi. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye mchoro: barabara, mtaro, na vistari vidogo vya matawi.

Afande alieleza shida yake. Matawi aliyakuta kando, karibu na mtaro, lakini dereva anasema baiskeli ilikuwa katikati, na matawi hayaapi. Watu mia mbili waliona ajali ile, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuandikwa jina. Mmoja alisema gari lilikuwa jekundu. Mwingine alisema lilikuwa treni. Aliyegongwa anasema yake, dereva yake. Amebaki mtu mmoja tu aliyekuwa ndani, na neno lake ndilo litakalokwenda juu.

Tajudin akakohoa akaanza kueleza kile ambacho shangazi yake alikiona.

"Wewe nyamaza," Afande alisema. "Mama, wewe nalikuwa ndani ya gari. Mimi nataka maneno yako. Hapana ya huyu."

Ruqayya alitazama mikono yake. Kumsema mtoto uliyemwogesha, mbele ya serikali, ni kama kumeza moto. Kumwacha aseme ni kuumeza na kuwatapikia watoto wanne wa mwenzio. Akamgeukia Tajudin, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kituo cha polisi. Ilikuwa ya mkekani, ya miaka thelathini nyuma.

"Kitendawili."

"Tega," Tajudin alijibu. Lilimtoka kama chafya. Alipofumba mdomo lilikuwa limeshaenda.

"Ndugu watano walipewa lango walilinde," Ruqayya alisema. "Wakasikia harufu ya karamu nyuma ya nyumba. Wakaondoka wote watano, hakubaki hata mdogo. Waliporudi wakamkuta mgeni kalala chini."

Afande Okeny aliweka kalamu mezani. Kwao pia kulikuwa na bibi.

Maisha yake yote Tajudin alikuwa na haraka ya kusema anajua. Na hiki, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikijua kweli. Alikijua kabla hakijaisha. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe vikaingia mfukoni mwa suti. Akijibu, amejitaja. Asipojibu, sheria ya mchezo inajulikana. Alitazama dari, akatazama picha ukutani, akatazama mlango.

"Sijui," alisema mtu aliyekuwa upande wa madai.

"Nipe mji."

"Shangazi, hapa ni ofisi ya..."

"Nipe mji, Tajudin."

"Chukua Jinja."

"Jinja ulinipa ukiwa na miaka saba. Bado ninayo."

"Masaka basi."

"Masaka nimechoka nayo. Nipe Kansanga."

Jasho lilikuwa limemshukia Tajudin kwenye kola.

"Mpe mama Kansanga," alisema Afande.

"Chukua," Tajudin alisema, kwa sauti ya mtu anayekabidhi jino.

Ruqayya akatulia kitini, akaanza kama yaanzwavyo. "Nilikwenda Kansanga, nikafika salama, wenyeji wakanipokea. Nikapika, nikala, nikafungiwa cha njiani. Nikapanda gari jeupe, nikakaa nyuma na sufuria langu, mbele kikakaa koti. Dereva alikuwa ameshiba. Akasema anataka nyama."

"Afande, huyu ni mzee, juzi tu alikuwa anaumwa malaria."

"Umeshatoa mji," Afande alimwambia. "Wewe hapana sema tena mpaka mama narudi."

Naye Ruqayya hakuharakisha. Alieleza gia na mkono wa kushoto. Alieleza jinsi dereva alivyokumbuka kuwa si adabu kula kwa kushoto, Mungu amlipe kwa hilo, akautoa wa kulia kwenye usukani akauingiza kwenye sufuria mpaka kifundoni. Alieleza baiskeli ilikuwa wapi, na mtaro, na matawi, na vioo vilivyopanda, na nyama iliyomalizwa kutafunwa watu wakiwa wamemzunguka mtu aliyeanguka. Hakuongeza kitu. Hapakuwa na haja.

"Na jibu nimerudi nalo. Ndugu watano ni vidole vya mwanangu huyu. Lango ni usukani. Karamu ni sufuria langu. Mgeni aliyelala chini ana jina, anaitwa Josias, na alikuwa upande wake."

Afande Okeny aliinuka, akatoka nje kwenda kwenye ile Corona iliyoegeshwa mahali pazuri. Alikaa humo kwa kitambo. Aliporudi alikuwa ameshika kipande cha karatasi, na katikati ya karatasi zilikaa punje nne za pilau zilizokauka, alizozibandua kwenye usukani kwa ncha ya kalamu. Tajudin akaanza kusema kwamba huo si ushahidi wa kitaalamu. Afande akamwuliza, kwa upole, kama anajua stika ya bima kwenye kioo chake iliisha lini.

Tajudin hakujua. Ilikuwa imekwisha tangu mfungo wa mwaka uliopita. Alibandikia magari ya mji mzima, lake likabaki kama mtoto wa fundi cherehani, matako nje.

Lawama ikaandikwa kwa dereva. Baiskeli na vitenge vikatolewa siku hiyo hiyo, akakabidhiwa Esperance, kasuku wa kijani wakiwa na alama ya tairi mgongoni. Josias alipoulizwa kitandani anataka nini, hakutaka mahakama, mahakama ina ngazi nyingi kwa mtu wa mguu mmoja. Alitaka abebwe na gari lile lile kila Alhamisi kupelekwa hospitali na kurudishwa kwake Kansanga, mpaka plasta itolewe. Tajudin akatia sahihi. Afande akaichukua leseni yake akaifungia mezani, akamwambia atapewa Alhamisi asubuhi na kuirudisha jioni, kama mtoto anayeazimwa mpira.

Siku ile ile Tajudin alimwambia shangazi yake atafute pa kulala. Ruqayya hakumsihi. Alikunja mkeka, akachukua birika na msahafu, akahamia kwa Bi Hindu, nyumba ya pili. Njiani alilia kidogo, kwa sababu mtoto ni mtoto hata akiwa bure.

Alhamisi ya kwanza baada ya Josias kuruhusiwa hospitali, Tajudin alikwenda Kansanga peke yake, akapiga honi. Josias alichechemea mpaka mlangoni kwa magongo, akachungulia ndani ya gari, mbele kukiwa na koti, akauliza mama wa mwiko yuko wapi. Tajudin akasema hayupo.

"Basi mi sipande," Josias alisema kwa adabu. "Ile gari bila mama, naijua."

Akarudi ndani. Afande akaambiwa, na Afande akasema mkataba ni mkataba, mgonjwa asipofika hospitali Alhamisi hiyo, leseni haitoki milele.

Hivyo ndivyo Tajudin alivyojikuta amesimama mlangoni kwa Bi Hindu, saa ambayo kinamama wote walikuwa mkekani. Na kwa bahati yake mbaya, siku hiyo ndipo Ruqayya alipokuwa anaurudisha mwiko. Aliufuata jana yake Kansanga kwa Esperance, akamkuta anasongea watoto ugali. Esperance alisema waganga wa hospitali waliukata ule ufungo wa leso wakampa mwiko mkononi, akaona vibaya ukae bure, ulisonga hospitalini na ukasonga nyumbani. Aliuosha, akaukausha, akaukabidhi kwa mikono miwili.

Basi kinamama walikuwa katikati ya kumsikiliza Ruqayya akieleza mwiko namna ulivyokoroga pilau, ukafunga mguu, ukasonga bugali ya Kikongo, hodi ya Tajudin ikasikika.

Walimtazama wote kwa pamoja. Yule bibi kipofu, aliyekuwa kakaa karibu na mlango, akainua uso.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Tajudin, bibi."

"Aa. Mwalimu wa ajali." Bibi akafikiri kidogo. "Mikono yako iko wapi, baba?"

Kicheko kilichozuka humo ndani kilisikika mpaka stendi ya teksi. Tajudin alisimama pale akakipokea chote, kwa sababu hakuwa na mji wa kutoa. Kilipokwisha alimwita shangazi yake pembeni. Maneno aliyoyasema yalikuwa machache na yalimtoka kama miba: arudi chumbani kwake, na amsindikize Kansanga.

"Chumba cha nani?" Ruqayya aliuliza.

"Chako, Shangazi."

"Na kiti cha mbele?"

Tajudin alikwenda garini akalitoa koti, akalivaa, juani.

Tangu hapo Alhamisi zilikuwa hivyo. Josias nyuma, mguu mweupe umenyooshwa kwenye kiti kizima kama mfalme, Esperance akijibana pembeni na sufuria la chakula cha kutwa, maana foleni ya hospitali haina mwisho. Mbele alikaa Ruqayya. Mwiko Bi Hindu alimwazima kwa kazi hiyo rasmi, akaambiwa atakuja kueleza plasta ikitoka.

Alhamisi moja walikuwa wanapita maduka ya Kansanga, karibu na ile baa, na Esperance akafunua kifuniko kidogo kuangalia kama mchuzi haujamwagika. Samaki wa kukaangwa, na vitunguu. Harufu ikajaa gari. Pua ya Tajudin ikacheza. Kidole kimoja cha mkono wa kulia, kile kidogo, kikainuka kutoka kwenye usukani.

Ruqayya hakugeuka. Aliuinua mwiko kutoka mapajani, kadiri ya shubiri moja.

Kidole kikarudi kulinda lango.